Khabari za Mzee Mohdhar wa Mtopanga na Shimo la Tatu

Sogeeni, enyi watu wa Mtopanga, na nyinyi wa Kiembeni mnaojiona mmestaarabika zaidi kwa kuwa mna mifereji ya maji ndani ya nyumba. Wekeni vikombe chini, zimeni redio, maana leo inasimuliwa khabari ya vita ambavyo havikutangazwa kwenye taarifa ya saa moja, havikumtoa mtu hata tone la damu, wala havikuacha majeruhi ila kidole gumba kimoja kilichovimba kwa siku tatu. Ni khabari ya Mzee Mohdhar bin Nassor, simba wa kurasa, mwenye miwani miwili, na jinsi alivyotoka nyumbani kwake mchana kweupe, mwaka wa elfu moja mia tisa tisini na tatu, kwenda kupambana na mashine. Mwenye shughuli zake na aende. Asiye na shughuli, na huku kwetu ndio wengi, na akae.

Mzee Mohdhar alikuwa karani bandarini kwa miaka thelathini na mmoja, kazi yake kusimama kando ya meli na kuandika magunia yanayoshuka. Katika miaka hiyo yote, baina ya meli na meli, alisoma. Alisoma riwaya, akasoma tarikhi, akasoma magazeti yaliyofungiwa samaki, akasoma maandishi ya kwenye maboksi ya dawa za maradhi ambayo hakuwa nayo. Alipostaafu alirudi Mtopanga na masanduku mawili ya vitabu na miwani yake miwili, mmoja wa kusomea na mmoja wa kutazamia watu, akaasisi barazani kwake dola isiyokuwa na bendera wala askari: kila siku baada ya swala ya alasiri alikaa kwenye kiti chake cha kamba, akafungua kitabu, akawasomea watu mpaka karibu na magharibi.

Nao watu walikuja. Bakari muuza kahawa aliliegemeza dele lake ukutani akasahau kuuza. Walikuja madereva, wakaja walimu, wakaja wapakuzi wa bandarini wenye mabega kama milango, wakaketi mikekani wakimlilia binti wa kwenye kitabu. Mkewe, Bi Mishi, alikaa nyuma ya pazia la mlango na ungo wake wa mchele. Na Philister, mshoni aliyetoka bara, aliiacha cherehani yake ng'ambo ya pili ya njia akaja na nguo mkononi, apinde pindo huku akisikiliza. Mzee Mohdhar hakuwa mtu wa majivuno hata kidogo. Aliamini tu kwamba bila ya yeye Mtopanga ingerudi kwenye ujinga wa kale ndani ya wiki moja.

Alikosea. Ilichukua siku nne.

Siku moja ya msiba baharia mmoja alimpelekea Dishon, fundi wa redio na televisheni, kisanduku cha kijivu alichokinunua Dubai, akamwomba akitengeneze, kisha akapanda meli na asionekane tena. Dishon alikitengeneza. Na kwa kuwa yeye ni fundi mwaminifu asiyemrudishia mteja kitu kabla ya kukijaribu, alikiunganisha na televisheni akakijaribu. Alikijaribu kwa wiki tano.

Ulikuwa ni mchezo, ule ambao vijana waliuita gemu. Ndani ya televisheni alitokea kijitu cha rangi ya samawati, kabeba kifurushi mgongoni, akakimbia kutoka kushoto kwenda kulia kwa sababu ambayo hakuna aliyepata kuieleza, na njiani pake palikuwa na mashimo. Mchezaji alishika mkononi kidude chenye vitufe viwili, chekundu na cheusi, akamrusha kijitu yule juu ya shimo. Shimo la kwanza lilirukwa na kila mtu. Shimo la pili lilirukwa na mashujaa. Shimo la tatu halikurukwa na mtu yeyote. Lilikuwa pana, jeusi, halina mchezo, na ndani yake, kwa hesabu ya Dishon mwenyewe, walikuwa wamekwisha kufa wanaume wote wazima wa Mtopanga, mmoja mmoja, kila mmoja zaidi ya mara mia.

Wa kwanza kuasi barazani alikuwa Bakari, ambaye alisema anakwenda kule kuuza kahawa tu. Wakamfuata madereva, waliosema wanamtafuta Bakari. Wakafuata wapakuzi. Wakafuata walimu wawili, hawa wakisema wanachunguza athari ya mashine ile kwa jamii, na uchunguzi wao ukawa mgumu hivi kwamba walilazimika kuufanya kwa zamu, kila siku, wakigombania kidude. Mwisho pale mikekani walisalia Bi Mishi na Philister.

Mzee Mohdhar aliyavumilia hayo kama waungwana wanavyovumilia, yaani kwa kununa. Lakini ikaja Jumatano moja, naye alikuwa amefika sura ya kumi na moja ya kitabu alichokianza mara baada ya Idi, pale ambapo mjane aliyemzika mumewe siku arubaini zilizopita ameletewa barua, na anwani yake imeandikwa kwa mkono wa marehemu yule yule. Mzee alishusha sauti. Alisoma kwamba mjane ameishika bahasha, kwamba ameigeuza nyuma, kwamba ameichana ukingoni. Philister alikuwa ameacha kushona. Na hapo hapo ukatoka kwenye kibanda cha Dishon mlio wa watu kumi na wanane wakiguna kwa pamoja, mguno mmoja mrefu wa huzuni, maana kijitu cha samawati kilikuwa kimetumbukia tena.

Mzee Mohdhar alikifunga kitabu. Alihisi kitu kifuani ambacho hakukihisi tangu siku alipokabidhi funguo za ofisi bandarini, na hakikuwa hasira, ingawa yeye mwenyewe alikiita hasira kwa kuwa ndilo jina lenye heshima. Aliomba bakora yake.

Bi Mishi aliuliza anakwenda wapi.

"Nakwenda kusema neno."

"Basi vaa kofia," akasema Bi Mishi. "Neno lako lisije likaonekana limetoka kwa mtu asiye na kwao."

Akavaa kofia ya vito, akavaa kanzu iliyopigwa pasi, akavaa miwani ya kutazamia watu, akaivuka njia. Ilikuwa hatua sitini na mbili, na mbuzi wawili walimpisha.

Aliingia kibandani bila ya mtu kugeuka. Alitoa salamu ikajibiwa na migongo. Ndipo akapiga bakora sakafuni akanena, na maneno yake wameyahifadhi wote waliokuwapo, kwa kuwa yalikuwa marefu na njia ya kutokea ilikuwa imezibwa na yeye.

"Nimewasomea miaka sita," alisema. "Nimewatia katika majumba ya wafalme na hamkuwa na viatu. Mmeyaona majangwa, mmehudhuria harusi na matanga ya watu wasiopata kuzaliwa, na yote hayo mmeyaona kwa jicho la ndani, jicho ambalo halihitaji umeme. Leo mmekaa gizani kama kuku wenye kideri, mnatazama kikaragosi kinaanguka shimoni. Utamu wake nini? Mtu hutoka kwenye kitabu amepata akili. Nyinyi mnatoka humu na gumba linalouma."

 Dishon, aliyekuwa amekaa juu ya kreti la soda, alisimama. Alikuwa kijana mpole, mwenye chuma cha kulehemu nyuma ya sikio, na alimheshimu mzee yule kama baba. Kwa hiyo alimjibu kwa adabu, na jibu la adabu ndilo linaloumiza.

"Mzee wangu, mimi sisemi kitabu ni kibaya. Lakini ukinisomea kitabu, kila kitu kimeshaamuliwa. Aliyeandika alishajua nani atakufa, mimi nangoja tu kuambiwa. Hapa nikifa, nimekufa kwa makosa yangu. Na kesho naweza kurudi nijirekebishe. Niambie ni kitabu gani kitanipa hiyo."

Mzee Mohdhar alipekua kumbukumbu zake. Katika kurasa zote alizopata kuzisoma, hoja ile hakuikuta. Na mtu aliyekosa jibu mbele ya watu kumi na wanane husema lolote lililo karibu. Lililokuwa karibu na Mzee Mohdhar ni kwamba mchezo ule hata mtoto wa chekechea angeumaliza kabla chungu hakijachemka, na kwamba yeye mwenyewe, kwa umri wake na macho yake, angeliruka shimo lao la tatu kama anavyoruka dimbwi la mvua.

Bakari, ambaye kwa wiki tano shimo lile lilikuwa limemdhalilisha, akaomba mzee aruke.

Hapo zikapangwa shuruti, kwa uzito ambao mataifa hayautumii yakipanga amani. Siku iwe Jumamosi baada ya alasiri. Mzee apewe roho tatu, maana mashine ile humpa kila mchezaji roho tatu. Jambo hilo lilimshtua sana, yeye aliyekuwa akijua kwamba Mola huwapa waja wake moja tu na tena kwa hisabu kali. Akilivuka shimo, mashine izimwe kila siku baina ya alasiri na magharibi, watu warudi mikekani. Asipolivuka, basi. Dishon hakudai kitu. Ni Mzee Mohdhar mwenyewe aliyeongeza, kwa sauti iliyomshangaza hata yeye, kwamba akishindwa atakifunga kitabu na hatakisoma tena barazani, si kile wala kingine.

Aliporudi nyumbani hakula. Bi Mishi alimkumbusha, bila ya ubaya, kwamba hajapata kupanda baiskeli, na kwamba saa yake ya mkononi hutiwa ufunguo na yeye Bi Mishi kila ikisimama. Mzee alisema anajua. Kwenda kujizoeza mbele ya watu hakuweza, fahari ilimkataza. Alikaa kitandani akitazama masanduku yake mawili, na kwa mara ya kwanza akayaona ni mengi mno kwa mtu wa kusoma peke yake.

Ijumaa baada ya swala alipita kibandani. Dishon alikuwa amekwenda mjini kununua vipuri, na Philister, waliyegawana naye kibanda, alikuwa peke yake kwenye cherehani. Mzee alimwambia anapita tu. Philister akasema sawa, akaendelea kukanyaga cherehani. Mzee alitazama televisheni iliyozimwa kama mtu anavyomtazama mbwa aliyelala, ndipo jicho lake likaanguka kwenye mguu mmoja wa meza, ulio mfupi, na chini ya mguu ule pamewekwa kitu ili meza isicheze. Kilikuwa na maandishi.

Jueni kwamba mtu yule hakuweza kuyaacha maandishi popote alipoyaona. Aliinama kwa shida akauliza ni nini.

"Hiyo kitabu ndogo?" akasema Philister. "Ilikuja na hiyo mashine. Hakuna mwenye alikuwa anaitumia, Dishon akaiweka hapo."

Mzee aliuliza kama kuna aliyeisoma. Philister alifikiri sana, kwa haki, kisha akasema hapana. Akakunja kitambaa mara nne, akanyanyua meza kwa mkono mmoja, akampa mzee kile kijitabu. Kisha akamwambia, bila kuinua macho, kwamba yeye tangu Jumatano hajalala vizuri kwa ajili ya ile barua, na kwamba kama mzee anaweza asife kesho, afadhali asife.

Kijitabu kilikuwa na kurasa ishirini na nne za Kiingereza kilichoandikwa na mtu ambaye, kwa kila dalili, alikuwa na ugomvi na Kiingereza. Lakini Mzee Mohdhar alikuwa amesoma makaratasi ya meli za bendera thelathini. Alikisoma mara ya kwanza chote, akakisoma mara ya pili na kalamu. Katika ukurasa wa kumi na tisa, chini ya onyo la kutomwagia mashine chai, palisemwa kwamba mchezaji akibonyeza kitufe chekundu, na kabla hajakiachia akabonyeza na cheusi, kijitu hakitaruka, kitapaa.

Alimwita mkewe akamsomea. Kisha likamwingia shaka, akauliza kama hiyo si hila.

"Kusoma si wizi, Baba Khatibu," akasema Bi Mishi, aliyemwita mumewe kwa jina la mwana wao. "Kama ni wizi, mimi nimeolewa na jambazi miaka arubaini."

Jumamosi ikafika. Kibanda kilijaa mpaka nje. Watu walipanda madirishani, wengine walisimama juu ya kreti, Bakari aligawa kahawa bure. Mzee Mohdhar alikaa mbele ya televisheni kama kadhi, akakipokea kidude, akakigeuza, na ikabidi Dishon amgeuzie tena kwa kuwa alikishika kichwa chini. Kisha akasema bismillahi.

Roho ya kwanza ilimtoka kwenye shimo la kwanza, lile linalorukwa na kila mtu. Kijitu kilikimbia, kikafika ukingoni, na mzee, aliyekuwa bado akitafuta kitufe chekundu ni kipi, akakiangalia kinavyotumbukia. Hakuna aliyecheka kwa sauti. Walitazama sakafu kwa huruma, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Roho ya pili ilipita shimo la kwanza na la pili, na watu wakaanza kunyanyuka. Lakini kabla ya la tatu alitokea ndege wa chuma, mdogo, mwenye mdomo mrefu, akamdonoa kijitu kisogoni. Mzee aliuliza ndege yule katoka wapi. Akaambiwa huwa yupo daima. Alisema hakumwona. Na hapo Bi Mishi, aliyekuwa amesimama mlangoni na buibui lake, akapitisha kitu mkono kwa mkono, juu ya vichwa vya wapakuzi na walimu, mpaka kikamfikia mumewe: miwani ya kusomea. Siku nzima alikuwa amevaa ile ya kutazamia watu.

Akabadili. Televisheni ikawa ukurasa.

Enyi mliokaa, kama mna pumzi zizuieni. Kijitu cha samawati kiliondoka mbio, kifurushi mgongoni. Kikaruka la kwanza. Kikaruka la pili, kisigino kikigusa ukingo. Ndege akaja, naye mzee akamsikilizia apite, kwa utulivu wa mtu aliyengoja meli zilizochelewa wiki mbili. Likaja shimo la tatu, jeusi, pana, kaburi la madereva. Mzee Mohdhar akabana kitufe chekundu, hakukiachia, kijasho kikamtiririka chini ya kofia ya vito, akakandamiza na cheusi kwa gumba lile lile lililoandika magunia miaka thelathini na mmoja, na kijitu kikanyooka hewani, mikono mbele, kikapaa, kikapaa kupita pale ambapo hadi siku ile wote walikuwa wakifa, kikatua ng'ambo ya pili kwa miguu yote miwili.

Mbingu ilikuwa imebadilika. Ng'ambo ya shimo la tatu mbingu ya mashine ile ni ya manjano. Watu wa Mtopanga walikuwa hawajapata kuiona. Bakari aliweka mkono kichwani. Mwalimu mmoja alivua miwani akaifuta. Kijitu kikaenda hatua tisa chini ya manjano ile, kikakuta shimo la nne, kikatumbukia, na Mzee Mohdhar akakiweka kidude mapajani taratibu kama mtu anayemlaza mtoto.

Dishon aliuliza amefanyaje. Angeweza kusema ni kipaji. Angeweza kusema ni dua, na wangeamini. Alitoa kijitabu mfukoni mwa kanzu akamrudishia.

"Nimesoma," akasema. "Kilikuwa chini ya meza yako."

Dishon alikitazama kijitabu, akautazama mguu wa meza, akaizima mashine kwa mkono wake mwenyewe kama walivyopatana. Na kwa kuwa magharibi ilikuwa bado, umati wote ukaivuka njia, ukajaza mikeka, ukajaza ngazi, na mzee akafungua sura ya kumi na moja. Mjane akaitoa barua ndani ya bahasha. Ilikuwa na mistari miwili: Nimesikia mmenizika. Niambieni ni nani mliyemzika.

Kahawa ilipoa vikombeni. Philister alikuwa amejichoma sindano na hakujua. Mzee aliinua macho akawaona watu arubaini na tatu wasiopepesa jicho, akajua kwamba yeye ndiye mfalme wa Mtopanga. Lakini alijua na jambo jingine, kwamba gumba lake la kulia lilikuwa likibonyeza jalada la kitabu, lenyewe, na kwamba katikati ya mistari ya marehemu alikuwa ameiona mbingu ya manjano.

"Geuza karatasi, mzee," alisema Dishon, yule ambaye hakupenda mambo yaliyokwisha kuamuliwa. Akaambiwa angoje kesho. Alikwenda zake akiwa na uso wa mtu aliyenyang'anywa chakula.

Jumatatu asubuhi, saa nne, saa ambayo mapatano hayakuigusa, Bakari alipita na dele lake akitaka kuumaliza ubishi. Alifikiri moyoni kwamba sasa yupo mtu mmoja aliyeonja vyote viwili, naye ataulizwa, kwa uadilifu, kipi kitamu zaidi, kitabu au gemu, na jibu litaandikwa. Barazani hakumkuta mzee. Alimkuta Dishon, kwenye kiti cha kamba, redio tatu za watu zimelala miguuni pake hazijafunguliwa, akisoma sura ya kumi na tatu huku akifuata mistari kwa kidole. Bakari alimuuliza. Dishon alimwashiria kwa mkono anyamaze. Akaivuka njia akaingia kibandani, na mbele ya televisheni akamkuta Mzee Mohdhar bin Nassor, simba wa kurasa, kofia imekwenda upande, gumba limefungwa kitambaa cha Philister, akipambana na shimo la nne. Bakari alimuuliza naye. Mzee alisema, bila ya kugeuka, kwamba swali hilo ni zito, halifai kujibiwa kwa pupa, na kwamba asogee, anamzibia mwanga.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na waliokuwapo wangali hai. Mpaka hivi leo ukimuuliza mtu wa mtaa ule mwanawe amezaliwa lini, hatakutajia tarehe. Atakwambia ni mwaka ule Mzee Mohdhar aliporuka shimo, au mmoja kabla, au miwili baada. Inasemekana kwamba mwaka huo huo, huko duniani, yalitokea na mambo mengine. Sisi hatuna khabari nayo.